Diski za Blu-ray na 4K: ninunue sasa au nisubiri mambo ya kupakua yakae sawa?

Mzee wa Remoti (mleta uzi)

Wakuu salama? Naingia moja kwa moja maana mi siandikagi sana. Nina DVD kama 140 hivi, nimezikusanya tangu enzi TV ina kisogo kikubwa kuliko kabati, na zote orijino, siyo zile za filamu ishirini ndani ya diski moja. Mwezi uliopita nikajikaza nikanunua TV ya inchi 55, 4K, nikaitundika ukutani, nikachomeka deki yangu ya DVD nikaweka filamu ninayoipenda kuliko zote. Aisee. Sura za watu kama zimepakwa mafuta, majani ya miti yamegandana yote kitu kimoja cha kijani, yaani ni kama naangalia kupitia chandarua. Mke wangu kapita nyuma yangu kauliza, hii ndo ile TV mpya? Sikumjibu.

Sasa niko njia panda. Ninunue deki ya Blu-ray (zile diski kama DVD ila picha kali zaidi), nikiweza ile ya 4K kabisa, nianze kujenga maktaba upya taratibu, au nitulie? Maana kijana wangu (huyu anashinda na magemu yake chumbani) ananiambia baba hizo diski ni mambo ya kizee, subiri, kila kitu kitakuwa cha kupakua, unalipia unashusha faili linakuwa lako, hakuna habari ya makabati. Na mi nina kidonda cha zamani, nilijaza kanda za VHS zikafa, nikahamia DVD, nayo ndo hii inanitia aibu mbele ya mke. Sitaki kununua filamu ileile mara ya tatu halafu kesho kutwa naambiwa nayo imepitwa.

Wajuzi karibuni. Wenye matusi pia karibuni ila mje na hoja.

Kobe Mstaarabu

Subira huvuta heri mkuu. Tulia. Diski zimeshazeeka, we angalia tu laptop za siku hizi kama zina pa kuweka CD. Netflix wenyewe walianza kwa kutuma DVD kwa posta, tarehe 29 Septemba 2023 wakatuma za mwisho wakafunga hicho kitengo. Oppo, ambao wapenzi wa filamu walikuwa wanaapia deki zao, waliacha kutengeneza 2018. Samsung 2019 wakasema hawaleti deki mpya tena soko la Marekani. Sasa biashara inakimbiwa na wenye nayo, wewe unaingia kufata nini?

fundi_waya

Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kobe usimpoteze mzee, swali lake ni la picha na we unamjibu habari za soko.

Mzee nianze na kile ulichokiona kwenye TV yako, usije ukadhani umeuziwa bidhaa mbovu. Picha ya DVD ina pikseli (yale madoa madogo yanayounda picha) 720 kwa 576, au 720 kwa 480 kama diski imetoka nchi za mfumo wa TV wa NTSC, kama Marekani. TV yako ina 3840 kwa 2160. Piga hesabu, DVD inaleta pikseli laki nne na ushee, TV inahitaji milioni nane na ushee, kwahiyo kila doa moja la DVD linabidi livutwe lijaze nafasi ya madoa 20. Zile 19 zingine TV inabuni yenyewe kwa kukisia. Hicho ndo chandarua chako. Kwenye TV yako ya zamani ulikuwa hukioni kwa sababu kioo kilikuwa kidogo na chenyewe hakikuwa na uwezo wa kuonyesha zaidi ya hapo.

Blu-ray ya kawaida, hii iliyoingia sokoni 2006, ni 1920 kwa 1080, mara tano ya DVD. Ile ya 4K, Ultra HD Blu-ray, ilikuja 2016 na inalingana na TV yako pikseli kwa pikseli. Uwezo wa diski zenyewe ni hivi: DVD ya tabaka mbili inabeba GB 8.5, Blu-ray GB 25 au 50, ya 4K inafika GB 66 au 100. Siri ni mwanga, DVD inasomwa na leza nyekundu ya nanomita 650 na Blu-ray leza ya zambarau-bluu ya nanomita 405, wimbi fupi linaweza kusoma alama ndogo zaidi ndo maana diski ukubwa uleule wa sentimita 12 imebeba mzigo wote huo.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapochanganya mambo. Wanasema lakini strimingi, yaani kuangalia moja kwa moja mtandaoni, nayo ni 4K. Ndiyo, pikseli ni zilezile milioni nane, ila pikseli ni ndoo tu, swali ni umetia maji kiasi gani. Netflix wanapendekeza uwe na intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kuangalia 4K yao. Blu-ray ya kawaida, hiyo ya 1080, picha peke yake inaruhusiwa kufika megabiti 40. Diski ya 4K inaweza kusukuma hadi 128. Tofauti huioni kwenye mtu amekaa anaongea mchana kweupe. Weka moshi, weka mvua, weka ukungu, weka mtu anatembea gizani na tochi, hapo strimingi inaanza kutengeneza vibox vyeusi na mapete mapete angani kama mtu katupa jiwe kwenye maji. Sauti ndo usiseme, diski nyingi zina sauti isiyopunguzwa kitu, Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio, strimingi wanakupa iliyokamuliwa. Ila kama unasikilizia spika za TV hilo lisikusumbue, hutajua.

mpitaji tu

Mkuu fundi umemaliza kila kitu. Nimekaa pale nasoma.

Jicho la Kunguru

Hajamaliza. Fundi kasema ukweli ila kasahau macho ya binadamu. Jicho la kawaida lina mwisho wake, ukikaa mbali madoa mawili unayaona moja. Kwa TV ya inchi 55, mtu mwenye macho mazuri akikaa mita 2.2 hivi tayari 1080 inammaliza, akirudi nyuma zaidi ya hapo pikseli za 4K zinaenda bure. Mzee kochi lako liko wapi? Kama liko mita tatu na nusu huko, ukiwekewa Blu-ray ya kawaida na ya 4K kwa kuangalia ukali wa mistari tu hutazitofautisha, na asije mtu hapa akajifanya ana macho ya mwewe.

Kitu ambacho utakiona hata ukiwa umekaa mlangoni ni rangi na mwanga. Diski za 4K karibu zote zina HDR (teknolojia ya kupanua tofauti ya mwanga na giza), rangi zake ni za biti 10 badala ya 8, yaani kutoka vivuli milioni 16 na ushee kwenda zaidi ya bilioni moja, jua linawaka kama jua na giza linakuwa giza lenye vitu ndani yake. Ila hapo napo TV iwe na mwanga wa kutosha, TV za bei ya chini zimeandikwa HDR kwenye boksi tu.

Na kingine, siyo kila diski iliyoandikwa 4K ni 4K ya kuzaliwa. Filamu nyingi za miaka ya 2000 zilirekodiwa au zikamalizikia studio kwa 2K (karibu sawa na ile 1080), kwahiyo diski yake ya 4K ni ile 2K imevutwa. Kichekesho ni kwamba filamu za zamani kabisa, za mkanda wa milimita 35, ndo zinafaidi zaidi, maana mkanda ule ukipigwa skani upya unatoa vitu ambavyo DVD haikuwahi kuvionyesha. Lakini tamthilia zilizorekodiwa kwa kanda za video za zamani hizo hata uziweke kwenye diski ya dhahabu hazibadiliki. Usinunue tena. Baki na DVD yako.

Mzee wa Remoti

Kochi nimepima kwa hatua, ni kama mita mbili na nusu. Fundi hiyo ya ndoo na maji nimeielewa vizuri. Ila bado hamjanijibu la kupakua. Je nikisubiri si watakuja kuuza faili lenyewe zima kama lilivyo kwenye diski, nishushe niweke kwenye hadi diski (hard disk) yangu?

Kobe Mstaarabu

Ndo hicho nilichokuwa namaanisha mimi. Intaneti inazidi kupanda spidi kila mwaka, leo megabiti 15 kesho 100.

Bi Pikseli

Kobe kaka yangu, intaneti siyo tatizo. Tatizo ni kwamba mnachosubiri kilishafika siku nyingi, na siyo mlichokuwa mnakiwaza.

Kupakua filamu kwa kulipia kupo tangu miaka ya 2000. Wameshauza sana. Ila angalia wanachouza. Maduka mengi ukibonyeza NUNUA unapewa ruhusa ya kuangalia, siyo filamu. Faili likikubali kushuka linakuja limefungwa kufuli, linafunguka ndani ya programu yao tu, na mara nyingi linaloshuka ni la ubora wa chini, 4K wanakuachia ya kustrimu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii siyo hata ya kuazima, umeilipia bei ya kununua!

Msiseme nawatisha. Kulikuwa na kitu kinaitwa UltraViolet, kimeanzishwa 2011 na studio karibu zote kubwa zilikuwemo, unanunua diski unapewa na namba ya siri, unaiingiza filamu inakaa kwenye kabati lako la mtandaoni milele. Milele ikaisha tarehe 31 Julai 2019, wakafunga. Wengi waliokuwa wameunganisha akaunti zao na maduka mengine waliokoa filamu zao, ambao hawakusoma zile imeili imekula kwao. Halafu PlayStation, waliacha kuuza filamu Agosti 2021, mwaka uliofata wateja wa Ujerumani na Austria wakaambiwa filamu walizonunua za kampuni ya StudioCanal zinaondolewa kwenye maktaba zao kwa sababu ya mikataba. Desemba 2023 wakatangaza tena, vipindi vya Discovery ambavyo watu WAMESHANUNUA vinafutwa tarehe 31, watu wakapiga kelele dunia nzima mpaka mkataba ukafanyiwa marekebisho na wakarudi nyuma. Safari hiyo kelele zimesaidia, haya, safari ijayo?

California mpaka wametunga sheria, imeanza tarehe 1 Januari 2025, muuzaji haruhusiwi kuandika "nunua" kwenye kitu cha kidijitali bila kumwambia mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Na sheria ileile imewaacha pembeni wale wanaokuruhusu kushusha faili la kudumu ukaliangalia bila intaneti. Yaani hata mtunga sheria anajua tofauti ya cha kwako na cha kuangalizia.

Mimi mwenyewe lilinikuta. Nilikuwa na filamu 30 na kitu kwenye akaunti ya duka moja, sitalitaja, nikahama nchi kwa ajili ya kazi nikabadilisha nchi kwenye akaunti nikijua nafanya jambo la maana. Nusu ya filamu zikawa zinaniambia hazipatikani eneo lako. Nimeandikiana na huduma kwa wateja miezi miwili, mwisho wa siku nikaambiwa nirudishe nchi ya zamani. Sasa nirudishe nchi wapi, nihame tena? Tangu siku hiyo kila filamu ninayoipenda naitafuta ya kushika mkononi.

Chifu Rewind

Bi Pikseli pole sana. Ila tuwe wakweli, akaunti hailiwi na panya na haichubuliwi na watoto. Mi mjukuu wangu alitumia diski tatu kama magari, kaziendesha sakafuni mpaka sebuleni. Zile DVD mbili ndo kwaheri.

fundi_waya

Chifu na ya tatu ilikuwa Blu-ray ikapona? Haha nina uhakika. Kwenye DVD data iko katikati kabisa ya unene wa plastiki, milimita 0.6 kutoka usoni. Kwenye Blu-ray iko milimita 0.1 tu, karibu sana na uso, kwahiyo walivyoona ingekuwa inakufa kwa mkwaruzo mdogo wakaipaka gamba gumu. Ndo maana ni ngumu kuichubua kuliko DVD. Ila ikichubuka kweli hata ile dawa ya meno ya vijiweni haisaidii.

Chifu Rewind

Ilikuwa Blu-ray ndiyo!! We ni mganga? Inasoma mpaka leo.

Nahodha wa Kebo

Wazee naomba niingie kwa upande wa hofu ya mleta uzi, kwamba atanunua halafu ife. Hofu hiyo ina historia. 2006 zilitoka mbili kwa mpigo, Blu-ray ya Sony na wenzake, na HD DVD ya Toshiba. Mtu unaingia dukani hujui ushike ipi, studio hii iko huku ile iko kule. Sony wakaweka Blu-ray ndani ya mashine yao ya magemu, PS3, kwahiyo kila aliyenunua gemu amenunua na deki bila kujua. Tarehe 4 Januari 2008 studio ya Warner wakatangaza wanahamia Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari Toshiba wakanyanyua mikono. Waliokuwa wamejaza kabati la HD DVD walibaki wanaangaliana.

Kwahiyo wakati ule aliyesema "subiri" alikuwa na akili. Lakini vita ile ilishaisha, na hakuna diski mpya inayokuja kuiua hii ya 4K, hii ndo ya mwisho. Watu wanasikia "ya mwisho" wanaogopa, mi naona ni kinyume chake. VHS iliuliwa na DVD na DVD ikazidiwa na Blu-ray, hii hakuna inayoifukuza. Halafu tofauti na kanda, hizi familia moja zinasomana. Deki ya 4K inasoma Blu-ray na inasoma DVD. Mzee zile DVD zako 140 hazifi, zinahamia deki mpya na zitaonekana afadhali kidogo maana deki nzuri inazivuta vizuri kuliko hiyo ya kwako ya zamani.

Na hii habari iliyosambaa mwanzoni mwa 2025 kwamba Sony wameacha kutengeneza Blu-ray, watu waliisoma kichwa tu. Walichoacha ni diski tupu za kurekodia. Za filamu zinaendelea.

Kobe Mstaarabu

Sawa, nimekubali yaishe kwenye umiliki. Lakini kwanini nisichukue diski nikaikopi kwenye kompyuta, nikapata hilo faili zima analolitaka mzee? Si ndo suluhisho la wote.

fundi_waya

Wapo wanaofanya. Kwanza nchi nyingi kuvunja kufuli la diski ni kosa hata kama diski ni yako, kwahiyo kila mtu aangalie sheria za alipo, mi simshawishi mtu. Pili angalia mzigo. Filamu moja ya 4K tuseme GB 60. Filamu mia ni TB 6, na hadi diski zinakufa bila kuaga kwahiyo unahitaji nakala, TB 12. Umekimbia kabati umeingia kwenye kazi ya kulea mahadi diski, na diski ulizozikopi bado huwezi kuzitupa.

Na kwa wanaosema watashusha faili zima kwenye mtandao, GB 60 kwa intaneti ya megabiti 20 ikiwa haijakatika hata sekunde ni masaa sita na dakika arobaini. Filamu moja. Bando lako nalo liangalie, 4K ya strimingi tu inakula mpaka GB 7 kwa saa, hii ni zaidi ya mara nne yake kwa filamu ya masaa mawili.

Kushusha kwa ubora wa diski kihalali kupo, wapo Kaleidescape wanauza mashine yao maalum unapakua filamu ikiwa imekamilika picha na sauti. Mashine yenyewe ukisikia bei utauliza kama inakuja na gari. Kwahiyo teknolojia ipo mzee, usiisubiri. Ambacho hakipo ni mtu wa kukuuzia hivyo kwa bei ya mtu wa kawaida bila kufuli, na studio hazina sababu ya kufanya hivyo wakati kukukodishia kila mwezi kunawalipa.

Bi Pikseli

👆🏾 hapo kwenye "hazina sababu" pigieni mstari.

Jicho la Kunguru

Mi nina swali moja kwa mleta uzi kabla hajatoa hela. Hizo DVD 140, ngapi umeziangalia zaidi ya mara mbili? Usikadirie. Nenda kahesabu.

Mzee wa Remoti

Mkuu unataka kuniaibisha.

Jicho la Kunguru

Nenda tu.

Chifu Rewind

Mi nimeacha kuhesabu kwangu baada ya kukuta nne bado ziko kwenye nailoni ya kiwandani. Moja nimeinunua mara mbili.

Nahodha wa Kebo

Hahaha chifu. Wakati mzee anahesabu, mtu anayetaka kununua deki aangalie TV yake kwanza. Kwa 4K matundu ya HDMI lazima yakubali HDCP 2.2 (kinga ya kuzuia watu kukopi), TV nyingi za 4K za miaka ya karibuni zipo sawa ila zile za mwanzo mwanzo kuna tundu moja tu linakubali, mengine yanakupa skrini nyeusi. Na msiende kununua kisomea diski cha kompyuta mkidhani mtaangalia 4K, programu halali za kuangalizia zilikuwa zinategemea kitu kinaitwa SGX ndani ya prosesa za Intel na Intel wakakitoa kuanzia kizazi cha 11, kwahiyo kompyuta mpya zaidi ndo hazifai. Ajabu hiyo.

Mzee wa Remoti

Nimerudi. Imenichukua jioni nzima maana nilikuwa nikifungua kasha nakumbuka filamu nakaa kusoma nyuma yake.

Jumla ni 143. Nilizoangalia zaidi ya mara mbili ni 19. Zaidi ya mara tano ni 8. Ambazo hazijawahi kufunguliwa ni 6, na kuna moja kasha lipo diski haipo, ndani kuna CD ya harusi ya watu nisiowajua.

Yaani nimejenga kabati kwa ajili ya filamu 19.

Jicho la Kunguru

Sasa umejijibu. Hizo 19 ndo za kutafuta upya, na siyo zote. Toa zile za kanda za video. Zilizobaki angalia ipi imefanyiwa skani mpya, hiyo chukua ya 4K, zingine chukua Blu-ray ya kawaida ambayo bei yake huwa imeshashuka. Filamu mpya unayotaka kuiona mara moja tu, kodi au strimu, usijaze nyumba.

Kobe Mstaarabu

Kwa filamu 19 hata mimi naunga mkono. Ila deki mpya kwa filamu 19 inauma kidogo.

fundi_waya

Ngoja kwanza. Mzee si ulisema kijana wako ana magemu? Ni mashine gani?

Mzee wa Remoti

Ile nyeupe kubwa, PS5. Kwanini?

fundi_waya

Nenda kaiangalie ubavuni. Ina mdomo wa kuingizia diski au haina? Kuna za aina mbili.

Mzee wa Remoti

Nimeenda. Mdomo upo. Kijana kaniuliza natafuta nini nikamwambia vumbi.

fundi_waya

Basi una deki ya 4K ndani ya nyumba yako tangu siku alipoinunua. PS5 yenye mdomo inasoma Blu-ray, inasoma 4K na inasoma hizo DVD zako. PS4 haisomi 4K hata ile Pro, ila ya kwako inasoma. Upande wa pili Xbox One S na Series X zenye mdomo zinasoma, Series S haina mdomo. Kasoro ya PS5 ni kwamba haina Dolby Vision (aina ya HDR ya hali ya juu), utapata HDR10 ya kawaida, na haisomi CD za muziki kwa hiyo ile harusi itabidi utafute pengine. Kwa kuanzia inatosha kabisa.

mpitaji tu

Kwahiyo aliyesema diski ni mambo ya kizee amelala na deki chumbani 😂😂😂

Bi Pikseli

Mzee kabla hujaagiza, angalia na kodi (code) ya eneo. Blu-ray za kawaida zimegawanywa A, B na C. A ni Amerika na Japani na Korea na majirani zao, B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia, C ni China, India, Urusi huko. Deki ya B haifungui diski iliyofungwa A, na PS5 haina ujanja hapo. Diski za 4K zenyewe hazina kodi ya eneo, zinaingia popote, lakini kwenye boksi lake mara nyingi kuna na Blu-ray ya kawaida ya nyongeza na hiyo inaweza kuwa imefungwa. Nilichanganyikiwa siku ya kwanza nikijua nimetapeliwa kumbe nimeweka diski siyo.

Mzee wa Remoti

Asanteni sana wakuu. Nimeagiza moja tu kwanza, 4K, ile niliyoanza nayo uzi huu. Ikifika naleta mrejesho.

*(siku kumi na moja baadaye)*

Mzee wa Remoti

Mrejesho. Diski imefika jana. Kijana alikataa mashine isihamishwe, tukakubaliana ikae sebuleni Ijumaa na Jumamosi mpaka saa tatu usiku halafu anaichukua. Nimeweka filamu. Wazee nimeiona hii filamu labda mara kumi na mbili maishani na sikuwahi kujua kwamba yule bwana ana kovu juu ya mdomo. Kuna sehemu wanaongea gizani garini, kwenye DVD nilikuwa nasikia sauti tu, kumbe nyuma yao dirishani mvua inatiririka muda wote. Mke wangu alikaa mpaka mwisho.

Ila kuna kitu kimoja kinanisumbua, watu wakitembea wanateleza teleza, yaani inaonekana kama tamthilia ya mchana siyo filamu. Diski mbovu?

fundi_waya

Siyo diski, ni TV yako. Filamu ni picha 24 kwa sekunde, TV inabuni zingine katikati ili mwendo uwe laini. Ingia mipangilio ya picha, kama kuna Filmmaker Mode chagua hiyo, kama haipo chagua Cinema halafu tafuta kitu chenye neno Motion ukizime kabisa. Fanya hivyo wakati mashine imechomekwa kwenye tundu hilohilo la HDMI, maana TV nyingi zinakumbuka mipangilio kwa kila tundu peke yake.

Mzee wa Remoti

Imekubali. Narudia kuiangalia, bado dakika arobaini mashine irudi chumbani.